Kuchoka au kuzembea? Kisa cha Columbus na Tampa Bay, Agosti 2020

Paki, kile kisahani cha mpira kinachochezewa hoki ya barafuni, ilidondoshwa saa tisa mchana, saa za Toronto, tarehe 11 Agosti 2020, na mechi ikaja kuisha saa tatu usiku na ushee. Masaa sita na zaidi. Columbus Blue Jackets na Tampa Bay Lightning, mechi ya kwanza ya raundi ya kwanza ya mtoano wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, wakaenda nyongeza ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na ni mpaka ya tano ndo Brayden Point akamaliza kazi, 3-2 Tampa. Ukihesabu muda wa mchezo peke yake ni dakika 150 na sekunde 27, yaani mechi mbili na nusu zimebanwa kwenye jioni moja. Boston na Carolina walikuwa wanasubiri uwanja huohuo wacheze saa mbili usiku, wakaambiwa nendeni mkalale, mtacheza kesho asubuhi saa tano.

Nimeichagua hii mechi kwa sababu ya ule ubishi usioisha kila ratiba ya hoki ya barafuni inapobana. Timu imecheza mara tatu ndani ya siku nne, inafungwa, mmoja anasema wamechoka jamani, mwingine anasema kuchoka gani, hawakujituma, wanalipwa mamilioni. Na wote wawili wanaangalia kitu kilekile, mchezaji anayeteleza taratibu wakati paki inampita. Mimi nasema kuna namna ya kutofautisha, sio kwa asilimia mia lakini kwa kiasi kikubwa, na Columbus ile ya Agosti inaonyesha vizuri kuliko mfano wowote ninaoujua.

Kwanza ratiba yao. Ile ilikuwa mwaka wa korona, msimu ulisimama Machi, wakarudishwa Agosti kwenye viwanja viwili tu vilivyofungwa, Toronto na Edmonton, bila mashabiki. Columbus walipangiwa Toronto Maple Leafs kwenye mechi za kufuzu, wakacheza tarehe 2, 4, 6, 7 na 9. Angalia hiyo 6 na 7, siku mbili mfululizo, na zote mbili zilienda nyongeza, ya kwanza Columbus wanafufuka kutoka 3-0 chini na kushinda 4-3, ya pili wao ndo wanaongoza 3-0 zikiwa zimebaki dakika chache kipindi cha tatu kiishe afu wanafungwa 4-3. Mechi ya tano tarehe 9 wakashinda 3-0 wakapita. Siku moja ya kupumzika. Tarehe 11 wanaingia kucheza dakika 150.

Tampa walikuwa kwenye kundi la timu nne za juu, wanacheza mechi za kupanga nafasi tu, tarehe 3, 5 na 8. Hakuna wa kutolewa. Kwahiyo siku ya mechi yenyewe mmoja ana mechi tano za kufa na kupona mwilini ndani ya siku nane, mwenzie ana tatu za kunyoosha misuli. Na kitu ninachokipenda kwenye mfano huu, hakuna safari. Kawaida ukisema timu imechoka kuna ndege ndani yake, kufika hotelini saa tisa usiku, kubadili majira ya saa kutoka pwani moja ya Marekani mpaka nyingine, mechi 82 za msimu wa kawaida ndo zilivyo. Hapa wote wamelala mji mmoja wiki zote. Kilichobaki ni mechi zenyewe na miili yao.

Sasa Seth Jones. Beki wa Columbus, namba moja wao, mtu ambaye kwenye mechi ya kawaida anacheza kama dakika 25 na tayari hizo ni nyingi. Siku ile alicheza dakika 65 na sekunde 6. Tangu NHL ianze kurekodi muda wa kila mchezaji msimu wa 1997-98 hakuna aliyefika hapo, aliyekuwa anashikilia rekodi ni Sergei Zubov wa Dallas, 63:51 mwaka 2003, nayo ilikuwa mechi ya nyongeza tano. Zach Werenski, beki aliyepangwa kucheza naye pamoja, alipita dakika 61. Jones alikuwa kwenye barafu asilimia 43 ya mechi nzima, na ukizigawa dakika zake kwa zamu, yaani kuingia barafuni mpaka kutoka kubadilishwa, za sekunde 45, ambayo ndo zamu ya kawaida ya hoki, unapata zamu kama 87.

Zamu 87. Wengi wanaolaumu nadhani hawajui zamu moja ina nini ndani yake. Sio kama kukimbia mbio ndefu, ni kukurupuka. Unaingia, unakaza miguu kwa nguvu zote sekunde tano au kumi, unasimama ghafla, unageuka, unasukumana na mtu wa kilo 95 ukutani, unakurupuka tena. Sekunde za mwanzo zinaendeshwa na akiba ndogo sana iliyo kwenye msuli wenyewe, inayoisha haraka na inayohitaji dakika kadhaa za kukaa ili irudi vizuri. Ikiisha hiyo mwili unaingia kwenye sukari iliyohifadhiwa msulini, na moto ule wa mapaja unaanza. Ndo maana zamu ni fupi. Mchezaji anatoka sio kwa sababu hawezi kuendelea, anaweza, ila kila sekunde baada ya ya 45 analipa gharama kubwa kuliko iliyotangulia na deni analibeba mpaka zamu inayofuata.

Ile sukari ya msulini hairudi kwa kukaa benchi dakika mbili. Inarudi kwa kula na kwa muda, siku nzima hivi kama umeimaliza kweli. Ukicheza tarehe 6 na tena tarehe 7, ile ya pili unaianza na tenki ambalo halijajaa, na hakuna maneno ya kocha chumba cha kubadilishia yanayojaza tenki. Hapo ndo wanaosema "wajitume tu" wanapokosea. Mtu aliyeishiwa anaweza kujituma kwa vyote alivyonavyo na bado akaonekana mzito, juhudi ni ileile ila kinachotoka ni kidogo. Tena ubongo nao unaingilia, unapunguza amri unayotuma kwenye misuli kabla mwili haujaharibika, na mchezaji mwenyewe anahisi amekaza kuliko jana wakati saa inaonyesha yuko polepole kuliko jana.

Aliyezembea ni kinyume chake. Tenki limejaa, amri haijatumwa.

Kutoka jukwaani vinafanana, kweli. Lakini vinatofautiana mahali vinapotokea na wakati vinapotokea. Uchovu una adabu yake, unakuja mwisho wa zamu, mwisho wa kipindi, mechi ya pili ya siku mbili mfululizo, na unawapata wote, mpaka wale ambao hakuna mtu anatilia shaka moyo wao. Unaanzia miguuni. Mtu aliyechoka anasimama wima, magoti hayakunjiki tena, gongo, ile fimbo ya kuchezea, analishika kwa mkono mmoja, akipita paki anageuka kwa duara kubwa badala ya kusimama na kurudi palepale, kwa sababu kusimama na kuanza upya ndo kitu ghali kuliko vyote kwenye barafu. Uzembe hauna ratiba, unaweza kuukuta sekunde ya tano ya zamu ya kwanza. Na unaonekana zaidi kwenye vitu ambavyo havihitaji pumzi, kuweka gongo kwenye njia ya pasi, kumwita mwenzio, kugeuza kichwa kuangalia nani yuko nyuma yako, kutoka kwa wakati badala ya kung'ang'ania barafuni kutafuta goli la kujipamba. Aliyechoka lakini anayejali utamuona miguu imekufa ila gongo liko mahali pake.

Kuna na kitu cha tatu ambacho watu hawakiweki kwenye hesabu, kubana matumizi. Nyongeza za mtoano sio kama za msimu wa kawaida, hakuna zile dakika tano za watatu kwa watatu, ni vipindi kamili vya dakika 20, watano kwa watano, anayefunga kwanza anashinda. Hujui itaisha dakika inayofuata au saa mbili zijazo. Kwahiyo wachezaji wanaanza kufupisha zamu, paki ikifika mstari wa kati wanaisukuma mbele na kukimbilia benchi, hawapeleki watu watatu kumkimbiza beki wa adui, wanapeleka mmoja. Ukiangalia kwa jicho la shabiki mwenye njaa ya goli unasema hawa hawataki kushinda. Hiyo ni akili, wanagawa chakula kidogo kwa safari wasiyojua urefu wake.

Na barafu nayo tuitendee haki. Mashine ya kulainisha barafu inapita kila mapumziko lakini kipindi kikifika katikati juu kumeshajaa unga wa theluji, paki inarukaruka, pasi iliyopigwa vizuri inapita juu ya gongo la mtu, na mtangazaji anasema pasi ya kivivu.

Turudi kwenye namba za siku ile maana ndo ushahidi. Magoli yote manne ya kwanza yaliingia ndani ya dakika 41 hivi. Pierre-Luc Dubois na Oliver Bjorkstrand kwa Columbus, Point na Yanni Gourde kwa Tampa, hilo la Gourde likiingia sekunde chache tu baada ya kipindi cha tatu kuanza. Afu karibu dakika 110 bila goli. Je waliacha kushambulia? Hapana. Tampa walipiga mashuti 88 yaliyolenga goli, Columbus 63, na ukiyapima kwa kila dakika 60 Tampa wako kwenye 35, ambayo kwa mechi yoyote ya kawaida ni nyingi. Kwahiyo kazi iliendelea kufanyika, kilichopotea ni makali. Shuti linatoka nusu sekunde limechelewa, linatoka mbali, linatoka bila mtu mbele ya kipa kumziba macho. Uchovu unaua ubunifu kwanza, kujilinda kunabaki kwa sababu ni rahisi zaidi kichwani, ziba katikati, lala mbele ya shuti, toa paki nje.

Kipa wa Columbus Joonas Korpisalo aliokoa 85. Rekodi ya zamani ilikuwa 73 ya Kelly Hrudey mwaka 1987. Kipa hana zamu, hatoki, amejikunja na mavazi yote yale yaliyolowa, anapoteza kilo kadhaa za maji kwa jasho, na uchovu wake sio wa mapafu sana bali wa macho na nyonga, kuinuka tena, kushuka tena. Mtu akikuambia Columbus walikosa moyo siku hiyo muoneshe hiyo 85.

Kuna kitu cha kiufundi nakipa uzito kuliko wengi wanavyokipa. Timu zinabadilishana pande kila kipindi, kwahiyo kipindi cha kwanza benchi lako liko karibu na eneo lako la kujilinda, cha pili liko mbali, cha tatu karibu, na hivohivo kuendelea. Kwenye vipindi vya mbali beki akinaswa nyuma hawezi kutoka kirahisi, inabidi avuke nusu ya uwanja kwanza wakati adui ana paki, na zamu ya sekunde 45 inageuka dakika na nusu. Akiipiga paki kwa kubahatisha kutoka nusu yake ikavuka mpaka mstari wa goli wa upande wa pili, mchezo unasimamishwa, paki inarudishwa kwake, na sheria inamkataza kubadilisha wachezaji. Aliyechoka anazidi kuchokeshwa kwa sheria! Ukihesabu na vile vitatu vya kawaida, nyongeza ya tano ni kipindi cha nane, namba shufwa, yaani kipindi cha benchi la mbali. Sisemi goli la Point lilitokana na hilo, nasema kama mtu anatafuta sababu za timu kuonekana imeganda ndani ya eneo lake, aanzie hapo kabla hajafika kwenye moyo.

Je kocha John Tortorella alikosea kumtumia Jones dakika zote zile? Nimelifikiria sana hili. Kitabuni jibu ni ndiyo, zipunguze, mpe beki wa tano na wa sita. Lakini mtoano kosa moja linamaliza mechi, na kocha anajua Jones aliyechoka bado anasimama mahali sahihi. Nafasi ya kusimama haichoki haraka kama miguu. Mimi ningefanya kama yeye mpaka nyongeza ya tatu, baada ya hapo ningegawa, maana deni lile halilipwi usiku huo, linalipwa wiki nzima.

Afu njoo uone tarehe 13. Siku mbili baadaye, timu zilezile, uwanja uleule, Columbus wanashinda 3-1. Waliotakiwa kuwa maiti. Wengine waliichukua kama uthibitisho kwamba uchovu ni kisingizio, unaona, wakitaka wanaweza. Hapana, tulia. Tampa nao walicheza dakika zilezile 150, beki wao Victor Hedman alipita 57. Uchovu kwenye mechi ni wa kulinganisha, ukichoka na mwenzio amechoka mnarudi sawa, na timu ya Tortorella ambayo mchezo wake ni wa kubana na kusubiri inaumia kidogo kuliko timu ya Tampa inayoishi kwa kasi na pasi za haraka. Tena hao Tampa wa kocha Jon Cooper walikuwa na mzimu wao, mwaka mmoja nyuma, Aprili 2019, baada ya kushinda mechi 62 za msimu, Columbus hawahawa waliwatoa kwa mechi nne bila majibu.

Deni la Columbus likaja kudaiwa polepole. Tarehe 15, 17, wakafungwa zote kwa tofauti ya goli moja moja. Tarehe 19 ilikuwa mechi yao ya kumi ndani ya siku 18. Wako chini 2-0, wanafunga manne mfululizo, wanaongoza 4-2, afu Tampa wanasawazisha kipindi cha tatu na Point, ndiyo huyohuyo, anamaliza kwenye nyongeza 5-4. Wametolewa. Ukichukua zile dakika za mwisho peke yake unaweza kuandika hadithi ya timu iliyolegea. Ukizichukua na mechi tisa zilizotangulia ni hadithi nyingine, maana timu isiyojituma haitoki 2-0 chini kwenda 4-2 juu kwenye mechi ya kumi.

Sasa kipande cha pili cha kisa, kwa sababu uzembe nao upo na sitaki mtu afikiri namtetea kila mchezaji. Januari 2021, msimu mfupi wa mechi 56 umeanza. Columbus wanacheza tarehe 14, 16, 18, 19 na 21. Linganisha na Agosti: 2, 4, 6, 7, 9. Mpangilio uleule kabisa, mechi tano siku nane na mbili mfululizo ndani yake. Na hiyo ya tarehe 21 ni dhidi ya nani? Tampa Bay. Dubois, yule aliyefunga goli la kwanza kwenye mechi ya dakika 150, sasa ana miaka 22 na ilishajulikana hadharani kwamba anataka kuhama. Kipindi cha kwanza kuna zamu moja ambayo video yake ilizunguka kila mahali, paki iko karibu naye na yeye anateleza kama mtu anayesubiri basi. Tortorella akampiga benchi mechi yote iliyobaki. Alimaliza na dakika 3 na sekunde 55.

Angekuwa na wakili angesema ratiba, mechi ya tano ndani ya siku nane. Na hiyo hoja ina uzito, siku ya nane ya mpangilio ule miguu sio mipya. Lakini pitisha vipimo vilevile. Ni kipindi cha kwanza, sio mwisho. Ni mmoja, wenzie wenye ratiba hiyohiyo wanakaza. Na kilichokosekana sio kasi tu, ni gongo, ni kugusana na mtu, ni vile vitu vya bure. Cha moyoni mwake anakijua mwenyewe, ila kwa macho hayo sio mwili ulioishiwa. Jones kwenye dakika yake ya 60 ya Agosti alikuwa na miguu mibovu kuliko hiyo, sina wasiwasi na hilo.

Siku mbili baadaye, tarehe 23 Januari, Dubois akauzwa Winnipeg, Columbus wakachukua Patrik Laine na Jack Roslovic. Na kwa kuwa alikuwa anavuka mpaka kuingia Kanada wakati wa korona, ilibidi akae karantini siku 14 kabla ya kugusa barafu na timu mpya. Wiki mbili za kupumzika katikati ya msimu, kitu ambacho Jones baada ya zile dakika 65 alikipata kwa muda wa siku moja.